Picha Yangu, Pongezi za Kaka

Mama, shikamoo.

Nakuandikia nipo Singida Mjini na hasira hazijaniisha. Leo ni ile siku ya kila mwezi ambayo watu huzunguka kwa miguu kutazama picha kwenye majumba ya sanaa. Picha yangu, ile niliyokuchora ukipeta alizeti, ilijaza watu. Wote wakampongeza kaka Elia, eti kwa kuwa alisimama karibu nayo. Naye anaitikia, "Asanteni, imenihangaisha kweli." Elia, asiyejua hata kushika brashi! Nikaishusha ukutani, nikamwambia mbele yao, "Haya, chora nyingine." Nimeitundika jumba la jirani. Mgeni mmoja ameniuliza huyu mama ni nani. Nimemtajia jina lako.

Mungu akulinde. Elia akitangulia kufika, mnyime kuku.

Mwanao, Neema