Mbuzi wa Mthokozisi Asubiri Kwanza

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi, nakuandikia kutoka wodini hapa Durban, mwanangu Mthokozisi bado mchanga na amelazwa chumba cha peke yake, madaktari wanasema chembe zake za kinga hazikomai, na dada yake Zibuyile amepimwa akaonekana uboho wake unamfaa, lakini nyumbani Eshowe mama mkwe wangu, MaKhoza, ameshanunua mbuzi wa imbeleko ya kumtambulisha mtoto kwa wazee waliotangulia, ukoo mzima umealikwa, ananiambia mimi mke wa mwanawe, “Makoti, mvulana wa kwanza ulimzika bila mbuzi, na huyu unataka umzike vilevile?” na mume wangu Bhekani anamwachia mama yake aamue, na kweli yule wa kwanza alinifia mikononi kwa kikohozi, naogopa, nimeshakubali kumtoa siku moja tu avishwe ngozi ya mbuzi mkononi, je, siku moja itamdhuru?

Nomalanga

Nomalanga, pole sana, kwanza kwa yule uliyemzika. Itamdhuru, tena siku hiyo hiyo moja.

Naona hukuelezwa ukaelewa. Chembe za kinga huzaliwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, zikiwa hazijui kazi yoyote. Baadhi huenda kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, zikapimwa, na zinazoushambulia mwili wenyewe huondolewa. Zinazofaulu hugawana kazi: hizi huamuru, hizi huua chembe zilizoingiwa na virusi, na chache hubaki kumkumbuka adui aliyepita. Kuna nyingine za kutengeneza kingamwili, nazo husubiri amri. Kwa Mthokozisi wa kuamuru hayupo, basi hata hizo zimekaa bure. Uboho wa Zibuyile utampa chembe changa zitakazopita njia yote hiyo, na itachukua miezi. Kwa sasa mafua ya mjomba mmoja au ngozi mbichi ya mbuzi inatosha kumuua.

Na wewe mtu mzima unaitikia tu! MaKhoza si adui, anamlilia mjukuu kama wewe. Lakini hata mimi nilifanyiwa imbeleko nikiwa msichana mkubwa natafuta kazi, na hakuna mzee aliyenuna.

Leo hii mwite Bhekani, daktari amweleze mbele yako, kisha yeye ndiye amwambie mama yake. Hiyo si kazi ya makoti, mke wa mwana. MaKhoza achome impepho, yale majani ya kufukizia wazee, nyumbani, awaambie wazee mtoto yupo, jina lake Mthokozisi, atakuja akipona. Mbuzi aendelee kula majani.

Ukimtoa Jumamosi, Nomalanga, hutamtambulisha kwa wazee wake. Utampeleka kwao.