Majani ya Konani

Tarcis, mbona hupokei simu? Basi soma.

Leo natoka Miono, cheni ya pikipiki ikakatika konani, kabla ya kufika Msata. Nikakata matawi, nikayatandaza barabarani ili wenye magari wajue mbele kuna chombo kibovu. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Nikaunga cheni, nikaondoka. Majani nikayaacha. Nimeyaacha palepale, Tarcis! Mjinga mimi!

Nipo Msata nakunywa chai, akaja bodaboda mmoja analia. "Mwenzetu Mwinyimvua amekufa! Amekwepa majani pale konani, akaingia kwenye lori. Na wala hapakuwa na gari bovu!"

Hapakuwa na gari bovu. Maneno hayo hayanitoki kichwani.

Mzee mmoja akanigeukia. "Kijana, wewe si umetoka huko? Hayo majani uliyaona?"

Nikasema sikuona kitu. Mikono yote imejaa oili ya cheni, nikaificha chini ya meza.

Mzee akainua viganja juu. "Aliyeyaacha yale majani, Mungu amlaani."

Watu wote wakaitikia amina.

Tarcis, na mimi niliitikia.