Kumbe Si Mashine ya Tiira

Jumanne, Buteba

Kumbe si mashine. Miaka yote hii mama mkwe anasema niliharibu masikio ya mtoto wetu Ajiambo, asiyesikia, nilipokuwa na mimba yake, kwa kufanya kazi karibu na mashine ya kusaga mawe ya dhahabu kule Tiira. Nami nilishaamini.

Leo daktari alitusomea majibu ya damu. Ndani kabisa ya sikio, seli hupitishiana chumvi kwa vijia vidogo sana, na jeni ya kujenga vijia hivyo ina kosa. Mtoto alirithi kosa hilo kwangu na kwa baba yake pia. Sisi tunasikia kwa sababu kila mmoja wetu ana nakala nyingine nzima ya jeni hiyo.

Na wazee walivyotuuliza koo kabla ya ndoa! Mimi Japadhola wa Kirewa, yeye Msamia. Wakasema hawa hawana undugu wowote, waoane.

Huyu wa tumboni naye anaweza kuzaliwa hivyo. Naogopa.

Mume wangu alimweleza mamake. Naye akauliza, "Kwa hivyo hiyo kitu ilitoka kwetu pia?"

"Ndiyo, mama," mume wangu akajibu.

Nilingoja mama mkwe aniombe radhi. Hakuomba, na ilinikera sana. Kila jioni humwita Ajiambo kwa kufoka kutoka jikoni, kana kwamba mtoto ni mkaidi. Leo hakufoka. Alinijia na mikono yake ina unga.

"Mama Ajiambo, 'njoo ukule' munasema aje na mikono?"