Betri za Pumzi ya Baba Loyce

Jumatatu, 13 Januari 2025

Fundi Chediel kaja kutoka Itigi kufunga paneli za pili, zile walizotuchangia wanakwaya. Zimekuja na kontrola yake, kile kisanduku cha kuongoza chaji ya betri. Nikamuuliza, kontrola mbili kwenye betri zilezile, hazitagombana? Akacheka. "Mama Loyce, mabomba mawili yanajaza pipa moja. Kuna ugomvi gani?"

Basi. Mashine ya oksijeni imenguruma mchana kutwa bila kukata. Mume wangu kamaliza ugali wake — akaomba mlenda zaidi! Tangu vumbi la machimboni limharibu mapafu sijaona hivyo.

Jumatano, 15 Januari

Jua kali, lakini kontrola ya zamani haichaji. Inaonyesha betri zimejaa. Ile mpya inasukuma tu. Jioni mashine ikapiga alamu, umeme umeisha. Zimejaa wapi sasa?

Nimempigia Chediel. Anasema ya zamani inadanganywa na mwenzake. Nisiguse kitu, atakuja Ijumaa azipange zilingane.

Nisiguse. Ningegusa nini mimi?

Ijumaa, 17 Januari

Mvua. Barabara ya Itigi imekatika. Chediel hakuja.

Baba Loyce anahema kama aliyebeba gunia. "Usi... lie," ananiambia. Sikuwa nalia. Labda kidogo.

Jumamosi, 18 Januari

Jua limerudi, na harufu ya mayai viza nyumba nzima! Betri moja imevimba ubavu, haishikiki kwa moto.

Chediel kwenye simu, sauti imembadilika. Kontrola mpya aliiacha kwenye mpangilio wa betri za aina nyingine, inazipika hizi zetu. "Nisamehe, mama. Chomoa waya za paneli kwanza, zote. Halafu zima mashine, utenganishe betri. Usianze na betri!"

Nizime mashine? Na mume wangu avute nini?

Akajibu: "Ikipasuka, mama, mtaungua wote wawili."

Nikamwomba nimwachie Baba Loyce ile betri moja nzima tu. Haiwezekani, anasema. Zinafanya kazi kwa pamoja, ukitoa moja na nyingine ndiyo basi.

Waya za paneli nimechomoa. Jirani yetu Ezekieli kaenda na trekta lake kuangalia kama korongo lililokata barabara linapitika, tumpeleke mgonjwa hospitali. Bado sijamsikia.

Betri inachemka ndani, naisikia — kama maharage jikoni. Mashine inanguruma. Mpira uko puani kwake, midomo bado ina rangi. Nilisema nimtoe nje na mashine, waya haifiki mlangoni.

Ananyoosha kidole kwenye swichi. "Zima, Mama Loyce."

Nimekaa chini kando ya swichi naandika, kwa sababu mkono huu nikiuacha bila kalamu utazima. Au hautazima. Sijui lipi baya zaidi.

Anasema tena. Safari hii kwa Kinyaturu, lugha yetu ya nyumbani, taratibu, kama anavyosema na mtoto.