Hodi kwenye unyayo wa Manka

Mpendwa wifi,

Majirani wa dukani wananiuliza mpaka leo kwa nini ninakulilia kana kwamba tumezaliwa tumbo moja. Mjini hapa wifi anajulikana kwa kuonja mboga yako akatafuta kosa la chumvi, kisha apeleke habari kwa kaka yake. Hata mimi nilijiandaa hivyo siku ulipopanda ngazi zetu za Kariakoo, ukitoka kliniki ulikokuwa unatibu viungo vya watoto.

Ulinikuta nalia. Manka alikuwa mchanga kabisa na hanyonyi. Akishika ziwa anaachia, anapiga kelele mpaka anachoka, analala na njaa yake. Mama yako, mkwe wangu, alikuwa ameshatoa hukumu ya Kichaga: maziwa hayatoshi, mzazi aongezewe mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Nikanywa mtori asubuhi, mchana na jioni. Matiti yakajaa yakawa magumu kama mawe, na mwanangu akazidi kukonda. Niliogopa kumpoteza, wifi, na sikuwa na ujasiri hata wa kulitamka hilo.

Hukubishana na mama. Uliuliza kwanza kama daktari amemwona, na uliposikia amempima asikute ugonjwa, ulinawa mikono, ukaisugua ipate joto, ukamlaza Manka mapajani. Nikangoja maajabu. Wewe ukagusa unyayo wake kwa kidole, ukamwambia, "Hodi, mama." Kisha ukaacha kidole palepale. Chini barabarani wapagazi wanapaza sauti watu wapishe mzigo, bodaboda zinapiga honi, na wewe umetulia tu.

"Sasa unangoja nini?" mama akauliza.

"Nangoja anikaribishe. Kwa mtu huingii tu, mama."

Vidole vya mguu vilipolegea ndipo mkono wako ukapanda taratibu, tumboni, mgongoni, mpaka shingoni. "Hapa pamekaza," ukasema. "Kunyonya anataka, ila akigeuka panamuuma." Hukuivuta ile shingo. Uliweka mkono mwepesi, kama mtu anayepima kama chapati imepoa, ukamwacha ageuke mwenyewe. Akikunja uso, unarudi unyayoni kupiga hodi upya.

Nikataka kufunga madirisha, kelele zisimshtue.

"Wifi, hatuwezi kuifunga Kariakoo," ulisema. "Tumfungue mtoto."

Hakupona siku hiyo. Ulikuwa unapita kila ukitoka kazini, na kila mara ulipiga hodi kwanza. Ukanifundisha kumpakata upande usiomuuma na kumtuliza kabla hajafika kifuani. Mchana mmoja akageuza shingo, akashika ziwa, nikamsikia anameza. Mama akaweka bakuli lake la mtori chini akapiga vigelegele, wateja wa duka la chini wakadhani kuna harusi. Nilikupenda siku ile, na sijaacha.

Sokoni hapa nimeona watu wa nguvu wengi, wanaobeba magunia mgongoni kutwa nzima. Sijaona mikono yenye nguvu ya kungoja kama yako.

Miaka ikapita, kisha ukaugua wewe. Wodini uligeukia ukutani ukakataa kila chakula, hata mtori wa mama. Tulikubembeleza, tukakushika mabega tukuketishe, kaka yako akapandisha sauti kwa uchungu. Manka, ambaye sasa ananifikia begani, akatupita sote akaenda miguuni pako. Alisugua viganja vyake, kama nilivyomsimulia, akaweka kidole kwenye unyayo wako.

"Hodi, shangazi."

Vidole vyako vilikuwa vimejikunja, nikaviona vinalegea.

"Karibu," ukasema. Ukageuka mwenyewe, ukala kutoka mkononi mwake.

Hukukaa nasi sana baada ya hapo. Lakini uliondoka umelishwa na mtoto uliyemfungulia njia ya kula, na hilo ndilo linalonifariji ninapofungua duka asubuhi.

Pumzika, wifi yangu. Huko ulikokwenda, naomba wakukaribishe kabla hujapiga hodi.

Wifi yako,
Mama Manka