Mume Wangu Anasema Yoga ni Kwenda Kulala

Dada Veneranda, pole na kazi, naomba unisaidie maana nimechoka hadi mwili haunisikii, mimi ni mwalimu hapa Gungu, nikitoka shuleni namuuguza mama mkwe aliyepooza upande mmoja, namwogesha, namlisha, namgeuza asipate vidonda, na mume wangu Yona akirudi kutoka kwenye biashara yake ya dagaa Kibirizi anauliza tu, "Mama amekula?"

Mwalimu mwenzangu Sia aliponiona nashika kiuno kila nikiinuka akanipeleka Mwanga kwenye mazoezi ya yoga ya Jumamosi, anafundisha dada mmoja Mrundi anaitwa Armelle, siku ya kwanza nimepiga magoti, nimeinama, paji la uso liko kwenye mkeka, akaniwekea kiganja mgongoni akasema, "Dada, mbona hupumui?" na kweli nilikuwa nimebana pumzi, nilipoiachia mabega yakashuka nikalia mbele za watu, tangu hapo najichunguza na nimegundua nabana pumzi nikimnyanyua mama, nikisikia simu ya mawifi, hata nikipakua chakula.

Sasa Yona amenikataza, anasema, "Wewe unaenda kulala kwenye mkeka, mama yangu nani amgeuze?" Nikaacha, kiuno kimerudi kuuma, na juzi namgeuza mama akasema kwa shida, "Mwanangu, ulipokuwa unaenda kule ulikuwa hunivuti hivi." Nikienda namuudhi mume, nisipoenda namuumiza mama, nifanyeje?

Mama Ella, Gungu

Mama Ella, pole sana, ila lazima nikugombeze kidogo. Mgonjwa mwenyewe ameshakujibu, wewe bado unaniandikia mimi. Yona ameuliza nani amgeuze mama yake. Si yeye? Mwambie bila hasira. Jioni mwite kitandani kwa mama, akunje magoti, asogee karibu na mama, atoe pumzi taratibu wakati anamgeuza, na wewe usimsaidie, simama uangalie.

Hicho kiuno kionwe hospitali kwanza, na Armelle aambiwe daktari alichosema. Mkao ukikuchoma, toka, hakuna anayekupa maksi pale. Kulia usikuonee aibu, ulikuwa umechoka na nyumbani hukuwa na pa kulilia.

Jumamosi usiombe ruhusa. Acha uji kwenye chupa, mwambie Yona saa ya kumgeuza mama, nenda. Ukirudi ukakuta shuka limekaa vibaya, usilinyooshe. Mama ametandikiwa na mwanawe.