Jiwe la Mama Koku

Mabatini, Jumamosi usiku, 1976

Darubini ni yangu, na mwezi sijauona.

Padre aliyerudi kwao ndiye aliyeniachia. Leo magharibi nikaisimamisha uani kwa mara ya kwanza, nikaielekeza kwenye mwezi mchanga. Kabla sijainama, Mzee Masanja, balozi wetu wa nyumba kumi, akachungulia.

"Unampeleleza nani, Mwalimu?"

"Shikamoo, Mzee. Natazama mwezi tu."

"Marahaba. Hebu."

Akatazama. "Una mashimo," akasema kwa huzuni, kama vile barabara za huko nazo zinamhusu. Kisha akawaita majirani.

Wakaja, na kwa mazoea ya duka la ushirika wakapanga foleni. Mama Koku akaweka jiwe kushika nafasi, akaenda kugeuza ndizi zake jikoni. Nikasogea.

"Mwalimu, foleni!"

Balozi, ambaye sasa ndiye anayeielekeza darubini yangu, akanipeleka nyuma kabisa.

Mwishowe nikabaki mimi na lile jiwe mbele yangu. Nikataka kulipita. Balozi akakataa: nafasi ya mtu ni ya mtu.

Mama Koku alirudi mwezi umeshazama nyuma ya mlima.

Kesho naweka jiwe langu tangu asubuhi.